Kadi Iliyoleta Giza

Mtaani wanamwita Taa, na jina hilo limemletea usumbufu mwingi kuliko heshima. Watu walisikia kwamba anafanya kazi ya mwanga, wakaona hakuna haja ya kuuliza zaidi. Wakamletea balbu zilizoungua na pasi zilizokufa, na mzee mmoja jirani akambebea redio kubwa begani, akaitua mlangoni na kusema, "Binti, hebu iangalie na hii, labda ni waya tu." Taa alieleza mpaka akachoka. Yeye hatengenezi taa, yeye huweka mwanga kwenye gemu za kompyuta. Ukicheza gemu ukaona kivuli cha kiti kimelala sakafuni, ujue kuna mtu alikaa akakilaza pale kwa mkono wake, akakififisha kwenye ncha, akakitia ubuluu kidogo upande wa dirishani. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama redio aiache au arudi nayo.

Kazi yenyewe Taa aliianzia kwenye kuta. Alipomaliza shule na kukosa wa kumsomesha mbele, alishika brashi akawa anawachorea watu mabango: vichwa vilivyonyolewa kwenye milango ya vinyozi, nyanya kwenye ukuta wa muuza mboga. Huko aligundua kwamba nyanya, hata ukiichora vizuri namna gani, hubaki kuwa duara jekundu tu mpaka uidondoshee tone jeupe juu na kivuli chini. Wenye maduka walikuwa wakimlipa kwa ajili ya lile tone. Alipoingia kwenye gemu alikuta mambo ni yale yale, isipokuwa brashi ya huko haina nywele.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi na misumari. Watu walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa Mkurugenzi. Cheo hicho alijipa mwenyewe, akakichapisha kwenye kadi ngumu zenye ukingo wa dhahabu, na mtaa mzima ukamwita hivyo kwa kumtania mpaka utani ukageuka jina. Kwa Taa alikuwa shemeji, mume wa dada yake mkubwa, kwa hiyo ugomvi wa ofisini ulikuwa na tabia ya kufika mezani wakati wa chakula. Wa tatu alikuwa Kimya, kijana aliyeandika programu zote. Huyo angeweza kumaliza wiki bila kusema zaidi ya "habari za asubuhi", na siku nyingine hata hizo habari aliziacha.

Gemu waliyokuwa wakiitengeneza iliitwa Pindo. Ndani yake wewe ni mama mshonaji katika chumba cha kupanga. Una cherehani, una meza, una nguo za watu ulizoahidi kuzimaliza leo. Jua linaingia dirishani, linapanda mezani, linatambaa polepole mpaka linaondoka. Likishaondoka hutungi tena uzi kwenye sindano, na wateja ndio hao wanagonga mlango. Hakuna bunduki humo wala zimwi. Mshonaji huyo ni mama yake Taa, na chumba ni kile alimozaliwa Taa mwenyewe.

Alikikumbuka chumba hicho kwa jua lake. Alikuwa akikaa chini ya meza, anaokota vipande vya kitambaa, na jua linapita juu ya kichwa chake mpaka kwenye mikono ya mama. Alipofika umri wa kwenda shule alipelekwa kwa bibi yake, na aliporudi kwa mama alimkuta amehamia nyumba nyingine, amevaa miwani mizito. Hakuuliza kwa nini walihama. Mtoto haulizi mambo ya kodi.

Basi alipotaka kukijenga chumba kile kwenye kompyuta, alikwenda na utepe wa kupimia wa mama yake akabisha hodi. Mpangaji wa sasa, muuza viatu mmoja mchangamfu, alimshikia ncha ya pili ya utepe. Walipima mlango, wakapima dirisha, wakapima mpaka ufa wa sakafuni. Nje ya dirisha kulikuwa na ukuta wa nyumba ya pili, karibu kiasi kwamba ukitoa mkono hauwezi kuunyoosha. Taa alidhani umejengwa baada ya wao kuhama. Hata hivyo aliupima na kuuweka, na sababu yake ilikuwa ya kikazi tu: dirisha linalotazama ukuta huipunguzia kompyuta mzigo, maana haihitaji kuchora mtaa mzima nje. Kisha akachukua brashi yake isiyo na nywele, akapaka jua mezani kama alivyolikumbuka. Ukuta haukumzuia. Rangi haiulizi jua limepita wapi.

Ofisi hiyo ilikuwa na sheria moja tu, na aliyeitunga ni Taa: ikigoma kwa Mama Mdogo, haitoki. Mama Mdogo ni mdogo wake mama, mwenye saluni ya wanawake, na saluni hiyo ilikuwa na kompyuta kuukuu ya kuwapigia wateja muziki. Kompyuta yenyewe ilikuwa imeng'oka vitufe kadhaa, na ikipata moto ilinguruma mpaka mtu unadhani kuna pikipiki nje. Kila walipomaliza sehemu ya gemu waliipeleka huko. Wanawake waliosubiri kusukwa waliicheza kwa zamu, wakigombana, wakimwambia aliyeshika kitufe, "Wewe shona bwana, jua linaondoka hilo!" Mama yake Taa naye alipelekwa siku moja akaone chumba chake. Alikitazama kwa muda, akasema, "Pazuri," kisha akamgeukia mdogo wake kumwuliza kama mafuta ya nywele yameshafika.

Mambo yalikuwa yakienda hivyo mpaka asubuhi Mkurugenzi alipopanda ngazi amekumbatia boksi kama mtu aliyetoka hospitali na mtoto.

"Shemeji," alisema huku anahema, "leo tumeingia mjini."

Ndani ya boksi kulikuwa na kadi ya picha, kile kifaa cha ndani ya kompyuta kinachochora skrini, nene, nyeusi, yenye feni tatu. Bei yake ingenunua cherehani sita mpya pamoja na meza zake.

"Hii inafuata miale," Mkurugenzi alieleza. "Rei tresing! Kompyuta yenyewe inapiga hesabu ya kila mwale wa mwanga. Umetoka wapi, umegonga nini, umerukia wapi. Hakuna kupakapaka tena. Unaliweka jua nje, basi, mengine linajua lenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe unapumzika."

"Mtu aliyepumzishwa kazini, shemeji, mtaani wana jina lake."

Mkurugenzi akacheka, lakini Taa hakuwa anatania. Ikabidi aelezwe. Kuna mfadhili amejitokeza, kampuni kubwa, itatoa fedha zote za kumalizia Pindo. Ina sharti moja. Gemu iwe na miale ya kweli, na maneno hayo yaandikwe kwenye tangazo kwa herufi kubwa kuliko jina la gemu.

"Na kwa Mama Mdogo itacheza?" Taa aliuliza.

Mkurugenzi alikuna shingo. "Shemeji, dunia inakwenda mbele. Mama Mdogo anunue kompyuta mpya."

Hapo ndipo Taa alipopandwa na mori. Anunue kwa nywele za nani? Wanawake wale hukaa foleni na vichwa vibichi ili wapunguziwe bei kidogo, leo waambiwe kwamba gemu inayohusu mshonaji wa chumba cha kupanga ni ya watu wenye mashine ya bei ya cherehani sita? Na yote hayo ya nini? Ili kioo cha dirisha kionyeshe mawingu sawasawa? Nani amewahi kuacha kucheza gemu tamu kwa sababu mng'ao wa kikombe umekosewa? Kizuri chajiuza, alisema, kibaya ndicho kinachojitembeza na feni tatu.

"Maneno yako matamu," Mkurugenzi akajibu, "lakini mkono mtupu haulambwi. Bila mfadhili, mwezi ujao hatuna umeme. Utampaka nani mwanga bila umeme?"

Hilo lilimchoma Taa zaidi. Alijua wazi kinachokuja. Wakikubali, Pindo itamalizika na saluni haitaigusa kamwe. Wakikataa, haitamalizika.

Kadi ikafungwa kwenye kompyuta. Siku ya kuiwasha, Mkurugenzi alivaa tai. Taa alifuta jua lake lote alilolipaka, meza, sakafu, ukuta, kila tone, na mkono wake ulikuwa mzito kama anayefuta picha ya marehemu. Kimya akaliweka jua la kweli nje ya chumba, juu mbinguni kwake, akabonyeza. Feni zikalia. Wote watatu wakasogea.

Chumba kilikuwa cheusi. Dirishani palionekana utepe wa kijivu, wa rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Meza ilikuwa bonge tu. Cherehani ungeijua kwa kujikwaa.

Taa aliangua kicheko, na hakikuwa kicheko chema. "Bei ya cherehani sita, kununua giza! Shemeji, giza tunalo la bure kila umeme ukikatika!"

"Ni kosa dogo," alisema Mkurugenzi, akilegeza tai. "Kimya, tafuta kosa."

Kimya alitafuta kwa siku kadhaa. Alifungua programu yote, akaifunga, akaifungua tena. Alikula mezani, akisogeza sahani kwa kiwiko. Mkurugenzi alipita nyuma yake kila mara akimuuliza, "Vipi, limeonekana?" na Kimya akitikisa kichwa bila kugeuka. Hatimaye, asubuhi moja, akazungusha kiti chake akawatazama.

"Si kosa," alisema.

"Sasa ni nini?"

"Mwanga unagonga ukuta. Ule wa nje. Jua liko juu, linashuka vizuri, linagonga ukuta wa jirani, linarudi huko huko juu. Nimelizungusha tangu asubuhi mpaka jioni. Nimelipeleka mpaka miezi ya kiangazi. Hakuna saa hata moja linaingia chumbani."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa tangu aajiriwe, na baada yake akarudi kunyamaza.

Mkurugenzi alipiga makofi. "Ndiyo hivyo tu? Toa ukuta!"

"Kwa hiyo tumenunua ukweli kwa bei ya kuruka," alisema Taa, "na jambo la kwanza tunalofanya ni kuudanganya."

"Hatuudanganyi, tunaurekebisha. Ukuta wenyewe wa nini? Wewe mwenyewe uliuweka ili mashine isichoke."

Hapo alisema kweli, na Taa hakuwa na sababu ya kuugombania ukuta wa watu. Aliona ni mapambo ya nje tu. Aliukamata kwenye skrini, ukazungukwa na mstari wa njano, tayari kufutwa. Alikuwa akitafuta tusi la kistaarabu la kumsindikizia shemeji yake waliposikia kishindo ngazini. Ni mama.

Alikuwa amekuja kwa shughuli yake. Gemu ilihitaji sauti ya cherehani ya miguu, na Taa alikataa sauti za kuokoteza. Alitaka ya mama yenyewe. Mbeba mizigo wa duka la chini alikuwa ameibeba cherehani mpaka juu, na mama anamfuata nyuma akimwambia kila ngazi, "Taratibu baba, hiyo ni kubwa kuliko wewe kiumri."

Mkurugenzi aliruka kitini. "Shikamoo mama! Karibu, karibu ukae."

"Marahaba baba. Hamjambo humu?"

"Hatujambo mama."

Mama alikaa kwenye kiti cha Mkurugenzi, akatua pumzi, akainua macho kwenye skrini kubwa. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, akaivaa. Kisha akainuka na kusogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Nani amewaambieni?" aliuliza.

"Nani ametuambia nini, mama?"

"Kwamba kulikuwa hivi."

Taa alianza kucheka. "Hapana mama, hiyo imeharibika. Ni ule ukuta wa nje unaziba jua. Umejengwa baada yetu kuhama, mimi nikauweka tu, sasa tunautoa."

"Baada?" Mama alimgeukia. "Nani kakwambia ni baada? Ukuta ule ulijengwa mwaka ule ule ulipokwenda kwa bibi yako. Mimi nikiwa pale, nimekaa, nina gauni la mtu mapajani. Tofali la kwanza nililiona. La pili nililiona. Mpaka wanapaka udongo wa mwisho nilikuwa nimeinama hivi, siuoni uzi."

Mbeba mizigo, aliyekuwa anasubiri ujira wake mlangoni, akavua kofia.

"Mwenye nyumba ndiye aliyekuwa mwenye kiwanja cha pili," mama aliendelea. "Alikuwa anaongeza vyumba. Nikamfuata. Nikamwambia, baba, unanizibia dirisha, na kazi yangu mimi ni macho. Mnajua alinijibu nini? Alikuwa anakula karanga. Akanitazama hivi, akasema, 'Mama, wewe umepanga chumba. Jua hukupanga.'"

"Na kodi?" Kimya ndiye aliyeuliza, na wote walishtuka.

"Kodi ile ile. Mwaka uliofuata akaipandisha." Mama alirudi kukaa. "Nikaburuta meza mpaka mlangoni. Kila apitaye anaruka miguu yangu. Vumbi kwenye nguo za watu, nafua tena ndipo nishone. Mvua ikinyesha nafunga mlango, nashona kwa kibatari. Miwani hii mnayoniona nayo mnadhani ni ya uzee? Nimeivaa nikiwa na umri wa huyu," akamnyooshea Taa kidole.

Taa alikumbuka aliporudi kutoka kwa bibi. Mama alikuwa akimpa sindano na uzi, anamwambia, "Hebu tuone kama unaweza," na yeye hutunga mara moja, anashangiliwa. Alidhani ni mchezo. Alitunga sindano zile miaka nenda miaka rudi, akijivuna, na mtu aliyemharibia mama yake macho alikuwa ameshiba kodi na karanga. Aliposema, sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia.

"Mbona nilipokuonyesha ile yenye jua ulisema pazuri?"

"Palikuwa pazuri," mama alijibu. "Nilisema moyoni, mwanangu amemwonea mama yake huruma, amempa jua. Ningekataaje?"

Mkurugenzi, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, aliinama mbele ya mkwe wake. "Pole sana mama. Sasa usijali. Ukuta tunautoa sasa hivi, jua lako lirudi. Ni kubonyeza tu."

"Uutoe?"

"Ndiyo mama. Kitufe kimoja."

Mama alimtazama mpaka akajuta kusema. "Baba," alisema, na alisema polepole, "mimi ukuta ule nimekaa nyuma yake. Nilipolalamika niliambiwa kama sipendi nihame. Majirani walisema, ah, wewe nawe, dirisha tu! Hata mume wangu, Mungu amrehemu, alisema tuvumilie. Hakuna mtu aliyewahi kuuona ukuta ule kama nilivyouona mimi, mpaka leo, humu ndani, kwenye mashine yenu. Na nyinyi ndiyo kwanza mnataka kuubomoa ili wageni wenu waone panapendeza? Kidole hicho ungekuwa nacho siku ile, ungenifaa. Leo kiweke mfukoni."

Mkurugenzi akakiweka mfukoni kweli. Kuna watu unaoweza kubishana nao ukarudi nyumbani ukala, na mama mkwe si mmoja wao.

Sauti ya cherehani ilirekodiwa, mama akaondoka, na Taa akabaki na hasira isiyojua pa kukaa. Alimkasirikia mwenye nyumba, huyo wa kwanza. Lakini aliikasirikia kadi pia, kwa sababu ilikuwa imesema kweli juu ya mama yake, na tone lake jeupe alilolipenda, lile lililomlisha tangu enzi za nyanya, lilikuwa limesema uongo mtamu. Wiki nzima alikuwa ameapa kwamba miale ile haina maana. Sasa ilikuwa na maana, na maana hiyo ilimwingia kama mwiba. Na bado, na hapa ndipo alipozidi kuchemka, maana hiyo ingeonwa na nani? Na wenye kompyuta za bei ya cherehani sita, yaani watu ambao hakuna aliyewahi kuwazibia dirisha. Wao wangekaa kwenye viti vya ngozi, waseme, "Aisee, giza hili limetengenezwa kitaalamu!" Na aliyeishi gizani humo asingeweza hata kulifungua.

"Haiwezekani," alisema kwa sauti, peke yake, mbele ya skrini.

"Inawezekana," alisema Kimya.

Halafu akaeleza, kwa maneno machache kama kawaida yake. Kadi haina haja ya kupiga hesabu kila siku kwa kila mchezaji. Ipige mara moja, saa kwa saa, hapa ofisini. Kila kitakachotoka, Taa akibandike kwenye kuta na meza kama rangi. Ni njia ya zamani, alisema, wenyewe huiita kupika mwanga: mmoja anapika jikoni, wengine wanakula bila kuwasha moto. Mwanga hautabadilika mtu akisogeza kikombe, lakini chumba cha kupanga hakina vikombe vingi hivyo.

Wakaanza. Taa alilibandika giza lile kwa uangalifu ambao hakuwahi kulipa jua. Alikuta kwamba si jeusi tupu. Lilikuwa na kijivu karibu na dirisha, na kahawia pale mwanga mdogo uliporukia tofali kabla ya kuingia. Hayo asingeyajua kwa brashi yake peke yake, na alilikubali jambo hilo kwa kununa. Na mchezo wenyewe ukabadilika: sasa mchezaji, akitaka kuona uzi, lazima aburute meza mpaka mlangoni na kuvumilia wapita njia.

Mkurugenzi alimpigia simu mtu wa mfadhili mbele yao wote, spika ikiwa wazi, ili asije akaambiwa amepotosha maneno.

"Kwa hiyo miale ya kweli haimo ndani ya gemu?" sauti iliuliza.

"Ilishafanya kazi yake. Mwanga wote umetokana nayo."

"Lakini haimo."

"Haimo. Ndiyo maana itacheza kwenye kompyuta yoyote."

"Na chumba ni cheusi?"

"Ni chenye giza, ndiyo. Kuna sababu yake, ukinipa dakika nikueleze..."

"Ndugu yangu, giza haliuziki," ilisema sauti, na simu ikakatwa.

Walikaa. Chini, muuza rangi alikuwa akimkemea mtu kwa kumwaga vanishi. Taa alimtazama shemeji yake, akimsubiri aseme turudi nyuma, tuutoe ukuta, tuwaite tena. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi ambao ungefika mpaka mezani kwa dada yake na kukaa huko mwaka.

"Mimi nimeoa kwa mama yule," Mkurugenzi alisema mwishoni. "Nikiugusa ukuta nitakula wapi?"

Kesho yake aliirudisha kadi ndani ya boksi lake akamuuzia mtu wa kupiga video za harusi, kwa hasara ambayo alikataa kuitaja mbele ya mkewe. Kilichopatikana kililipa umeme na kuwafikisha mwisho wa kazi, huku Taa akichora tena mabango siku za mapumziko. Kadi ngumu zenye ukingo wa dhahabu zilipokwisha, hazikuchapishwa nyingine.

Siku Pindo ilipokamilika, waliipeleka saluni. Ilikuwa mchana, foleni imejaa, Mama Mdogo ana kitana mdomoni na kichwa cha mtu mikononi. Kompyuta kuukuu ilinguruma, ikakohoa, ikatulia. Chumba kikaonekana. Mama yake Taa alikuwa kwenye benchi pembeni, anamalizia aproni mpya za saluni, nguo ameisogeza puani kama kawaida yake.

Aliyetangulia kucheza alikuwa mteja mwenye nywele zilizosukwa nusu, mwanamke mwenye sauti. Alikaa kwa mbwembwe, akaanza kushona. Akasogeza uso. Akasogeza zaidi. Alijaribu kutunga uzi ukakosa tundu, akajaribu tena ukakosa, na mlango wa ndani ya gemu ukaanza kugongwa: mteja wa kwanza anataka gauni lake. Akageuza skrini huku na huku, akaifuta kwa kiganja. Wenzake walisimama nyuma yake, wakaanza kumsaidia kwa kelele, na mlango ukazidi kugongwa.

"Hii gemu yenu mbovu!" hatimaye alipiga ukelele, akisukuma kiti. "Mtu atashonaje kwenye giza kama hili? Huu ni uonevu! Nani mwenye mwanga hapa? Ongezeni mwanga!"

Saluni nzima ikamgeukia Taa. Taa akafungua mdomo.

"Mwambieni mwenye nyumba," alisema mama, bila kuinua macho kutoka kwenye pindo lake.